Basi la Kuishi kwa Njia za Kusini: Lililokamilika la Nje, Basi la Abiria Lililostaafu au Coaster?

Wanaotaka basi la kuishi hapa Mtwara na Lindi huja wakiwa wameshaamua mengi: kitanda kikae nyuma, jiko liwe la gesi, choo kiwe na mlango wake. Kinachowakwamisha ni gari lenyewe. Mmoja ameona kwenye simu mabasi ya kifahari ya Marekani, sakafu ya marumaru, ukuta unaosogea nje kwa kubonyeza swichi na kuipanua sebule. Mwingine ameonyeshwa basi la abiria lililotolewa barabarani, limesimama nyuma ya gereji, bodi bado nzima na bei inazungumzika. Wa tatu ana jamaa anayeuza Coaster, basi dogo la Toyota.

Nimezilinganisha njia hizo tatu kwa matumizi ya huku kwetu: familia inayotaka kulala Msimbati mwishoni mwa wiki, mwenye wageni wa kupeleka Kilwa, mkandarasi anayehama na kazi yake, mstaafu anayetaka kuzunguka nchi bila kutegemea nyumba za wageni. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Ndani ya basi panatengenezeka popote penye seremala na fundi umeme hodari, na Mtwara wapo. Chini ya basi ndiko kwenye shida. Kwa hiyo kila gari nimelipima kwanza kwa swali la nani atalitengeneza likigoma Nangurukuru saa mbili usiku, ndipo nikaangalia anasa.

Vigezo ni hivi: njia litakazopita na mahali litakapolala, injini, breki na spea, umeme wa ndani, maji na choo, chumvi na kutu, kisha mafuta na karatasi.

Magari yenyewe

Kwa basi lililokamilika la nje nachukua mfano wa Prevost, kwa sababu ndilo linalotajwa zaidi na wenye ndoto hiyo. Prevost ni kampuni ya Québec, Kanada, iliyoanza mwaka 1924. Huuza basi likiwa tupu ndani kwa kampuni za Marekani kama Marathon na Liberty, nazo ndizo zinazolifanya nyumba. Aina ya H3-45 ina urefu wa futi 45, yaani mita 13.7, na ikiwa kamili hukaribia tani 24 au kupita. Jipya linazidi dola milioni 2 za Marekani. Ya zamani hushuka bei sana, na hayo ndiyo mtu wa huku anaweza kuyafikiria.

Basi lililostaafu ni Scania, Yutong au Zhongtong la mita 11 au 12 lililokwisha kazi ya abiria. Unang'oa viti, unaanza ndani upya.

Coaster kila mtu anaijua. Ile ndefu ina urefu wa karibu mita 7 na upana wa mita 2 hivi. Ninayoyasema juu yake yanazifaa pia Rosa ya Mitsubishi na Civilian ya Nissan, isipokuwa suala la spea.

Njia na mahali pa kulala

Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni kilomita zinazokaribia 560, lami, kupitia Daraja la Mkapa kwenye Mto Rufiji. Magari yote matatu yanaimudu. Tofauti inaanza unapoiacha lami, na uzuri wa mikoa hii miwili mwingi uko nje ya lami. Msimbati ni mchanga. Tendaguru, kule yalikochimbwa mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913, njia yake ni ya udongo. Nangurukuru kwenda Liwale ni vumbi kiangazi na tope masika.

Prevost na basi kubwa vina mkia mrefu nyuma ya tairi za mwisho, na mkia huo hugusa chini kwenye kila mteremko mkali wa kuingia kivuko au uwanja. Mchanga laini ukishalizamisha gari la tani 15 na kuendelea, trekta la kijijini halilitoi. Coaster nayo huzama, kwa kuwa huvuta kwa tairi za nyuma tu, lakini watu kumi, mbao mbili na kupunguza upepo wa tairi huitoa.

Mjini pia pana tofauti. Mtwara mjini ilipangwa wakati wa mradi wa karanga wa miaka ya 1940, ndiyo maana barabara zake ni pana na basi la mita 12 linageuka bila taabu. Mikindani na Kilwa Kivinje ni miji ya kale ya mawe, vichochoro vyake vilijengwa kwa ajili ya miguu na punda. Mwenye basi kubwa aegeshe barabara kuu aingie kwa miguu.

Kuna jambo wauzaji wa mabasi ya Marekani hawalitaji. Usukani wao uko kushoto na mlango wa abiria uko kulia. Kwetu tunaendesha kushoto, hivyo ukisimama kando ya barabara mlango unafungukia katikati ya njia, upande wa magari. Mtoto anayeshuka anashukia mbele ya lori. Na dereva akitaka kulipita lori la saruji au la korosho, haoni mbele mpaka basi karibu lote limetoka kwenye safu yake. Hili halirekebishwi kwa kioo kikubwa. Linahitaji dereva mzoefu na mtu wa pili mbele, kila safari. Basi lililokwisha kufanya kazi hapa nchini na Coaster ya Kijapani vina usukani kulia na mlango kushoto, kama inavyotakiwa.

Mei 2024, mvua za kipindi cha Kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Dar es Salaam na Mtwara maeneo ya Somanga na jirani zake. Aliyehitaji kwenda Dar es Salaam kwa gari alilazimika kuzunguka Masasi, Tunduru, Songea, Makambako, safari inayozidi kilomita 1,500. Unaponunua, piga hesabu ya mafuta na tairi ukijua kwamba siku moja unaweza kulazimika kuipita njia hiyo.

Injini, breki na spea

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu zaidi.

Coaster nyingi za miaka ya 1990 na 2000 zina injini ya 1HZ: silinda 6, lita 4.2, haina tabo, pampu ya dizeli ya kimakanika. Ni injini ileile ya Land Cruiser za hospitali, halmashauri na miradi. Kwa hiyo Nachingwea, Newala, Liwale, popote penye gari la wagonjwa, kuna fundi aliyewahi kuifungua, na chujio la oili lipo dukani. Faida hiyo ni kubwa kuliko inavyosikika. Udhaifu wake ni nguvu: ukiipakia nyumba nzima itapanda mlima wa Newala polepole sana. Mkanda wa taimingi ubadilishwe kila kilomita 100,000, kwa sababu ukikatika pistoni hugonga valvu na unakuwa kwenye oveholi. Coaster mpya zaidi zenye injini ya N04C, inayotengenezwa na Hino, zina nguvu na hazili mafuta ovyo, ila injekta zake huendeshwa kwa umeme na zinataka dizeli safi na fundi mwenye kompyuta. Kabla ya kulipa, hakikisha unajua ni injini ipi.

Basi kubwa lina fundi wake pia, mradi ubaki kwenye njia za mabasi. Scania na Yutong zinashuka na kupanda kati ya Dar es Salaam na Mtwara kila siku, na palipo na mabasi pana mafundi wa breki za upepo, wa springi na wa difu. Spea ikikosekana Mtwara, inapakiwa kwenye basi la usiku ikafika kesho yake. Jambo la kutazama kwa makini ni kwa nini basi lilistaafu. Basi la abiria haliachwi likiwa na afya. Tajiri wake ameshapiga hesabu akaona matengenezo yanakula mapato. Wewe utalitembeza kidogo kwa mwaka kuliko lilivyotembea kwa mwezi, kwa hiyo injini iliyochoka kwa biashara inaweza kukufaa kwa miaka mingi, lakini chesisi iliyopinda au kupasuka haikufai hata siku moja. Lala chini ya gari. Tazama mishono ya kuchomelea.

Angalia pia injini ilipo. Ya mbele, kama kwenye Scania nyingi za bodi za hapa nchini, huleta joto na kelele sebuleni. Ya nyuma huacha mbele kimya, lakini joto linapanda chini ya kitanda, na kwenye barabara ya vumbi chujio la hewa huziba haraka kwa sababu inavuta vumbi la gari lenyewe.

Prevost za zamani nyingi zina Detroit Diesel Series 60, injini iliyotengenezwa tangu 1987 hadi 2011 na yenye sifa njema ya kudumu. Tatizo ni mwaka wa gari. Tangu 2007 magari mazito ya Marekani yalianza kufungwa chujio la masizi kwenye ekzosi, na kuanzia 2010 yakaongezewa mfumo wa kusafisha moshi unaotumia majimaji ya AdBlue. Vifaa hivyo vilibuniwa kwa dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 15 kwa milioni. Kiwango cha dizeli cha Afrika Mashariki kimekuwa 50 kwa miaka mingi. Chujio linaweza kuziba, kompyuta ikapunguza nguvu ya injini, ukakwama njiani. Ukilitaka basi la Marekani, tafuta la mwanzoni mwa miaka ya 2000 au kabla, upite mbali na hayo yote. Hata hilo lina kompyuta ya injini, mabaluni ya upepo badala ya springi, na nyaya ambazo kila kampuni ya ukarabati ilizipitisha kwa mtindo wake. Usinunue bila vitabu na michoro ya nyaya ya gari hilohilo, yenye namba ya chesisi ileile. Fundi wetu akiwa na mchoro anafanya kazi. Bila mchoro anakata waya akijaribu bahati.

Kuta zinazosogea nje ni raha kubwa kambini, na ndizo nilizoziona watu wakizipenda kuliko kitu kingine chochote. Kwenye Prevost mpira wake wa kuzibia hujazwa upepo ili maji yasiingie. Mpira huo ukitoboka, mvua ya Februari inaingia kwenye zulia, na mpira mwingine unaagizwa ng'ambo. Vumbi la njia zetu nalo hukaa kwenye reli. Zifutwe kabla ya kurudisha ukuta ndani, kila mara.

Sevisi ya gari linalokaa kuliko kutembea

Basi la kuishi huharibika kwa kukaa. Wenye mabasi ya abiria huhesabu kilomita. Wewe hesabu miezi.

Oili ibadilishwe angalau mara moja kwa mwaka hata kama kilomita hazijatimia. Maji ya rejeta yenye dawa kila miaka miwili. Tanki la dizeli liachwe limejaa, kwa sababu hewa ya pwani yetu ina unyevu na nafasi tupu ndani ya tanki hutoa matone ya maji. Fungua kizibo cha chini cha chujio la kutenganisha maji kila kabla ya safari. Kwenye breki za upepo, toa maji kwenye matenki ya upepo na ubadilishe chujio la kukausha hewa kwa wakati. Hili wengi huliruka mpaka valvu zinapata kutu ndani.

Tairi zisomwe umri. Ubavuni kuna tarakimu 4: 3221 maana yake ni wiki ya 32 ya mwaka 2021. Tairi la basi la kuishi huzeeka kwa jua likiwa bado na meno yote, na hupasuka safari ya kwanza ndefu. Lifunike, na likipita miaka 5 likaguliwe kila mwaka.

Usiwashe injini dakika tano ukazima. Itembeze kilomita 20 au 30 kila mwezi mpaka ipate moto kamili, huku breki na kiyoyozi vikifanya kazi.

Umeme wa ndani

Joto la Mtwara usiku wa Desemba ndilo linaloamua ukubwa wa umeme wako. Taa, feni, friji ndogo na simu ni mzigo mwepesi. Kiyoyozi ndicho kinachobadilisha hesabu. Cha ukubwa wa kilowati 1, kikiwaka na kuzima usiku kucha, kinaweza kula uniti 5 au 6. Betri za volti 24 zenye ampea-saa 200 zina uniti 4.8 zikiwa zimejaa. Paneli 4 za wati 400, kwa jua la saa 5, ukiondoa umeme unaopotea njiani, hurudisha uniti 6 hivi. Basi kubwa lina paa la kubeba paneli hizo na zaidi. Coaster hubeba 3 kwa shida, kwa hiyo mwenye Coaster apange kulala kwa feni na madirisha yenye nyavu, au kuchomeka umeme wa TANESCO anapolala.

Kwenye basi la Marekani kuna mtego. Vifaa vyake ni vya volti 120 na mzunguko wa hezi 60. Umeme wetu ni volti 230 na hezi 50. Transfoma hushusha volti lakini haibadilishi hezi, na mota ya kiyoyozi cha hezi 60 ikilishwa hezi 50 huzunguka polepole na kupata joto. Njia salama ni kufunga chaja inayopokea umeme wetu na kujaza betri, kisha inveta ya basi ndiyo ilishe vifaa vyote.

Mabasi mawili mengine hayana shida hiyo kwa sababu unafunga vifaa vya dukani petu.

Maji, choo na gesi

Prevost lililokamilika hubeba lita 500 za maji safi au zaidi, na lina tenki la majitaka tumboni. Kwenye basi kubwa unaweza kujenga yanayolingana na hayo. Coaster ina kikomo: uzito wake wa juu unakaribia tani 5 na gari lenyewe linachukua sehemu kubwa, kwa hiyo lita 150 zinatosha, na choo kiwe cha kisanduku unachobeba kumwaga.

Usitegemee kukuta njiani vituo vya kumwagia choo cha magari. Mwenye tenki kubwa atapatana na gari la kunyonya majitaka au hoteli yenye shimo kubwa. Tafadhali, pwani ya Msimbati ni hifadhi ya bahari na watu wanavua humo. Usimwage kitu.

Gesi: mitungi yetu ya kilo 6, 15 na 38 haiingiliani na viungio vya Kimarekani, badilisha regileta na mpira. Sanduku la mtungi liwe na tundu la hewa chini kabisa, kwa kuwa gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na hutulia sakafuni.

Chumvi na kutu

Anayelala karibu na bahari analipa kwa kutu. Mabasi mengi ya Prevost yana paneli za chuma kisichoshika kutu ubavuni, ila bolti, viungio vya waya za umeme na mabomba ya breki havina kinga hiyo. Basi kubwa la bodi ya mabomba ya mraba huoza kutoka ndani ya bomba, huku rangi ikimeremeta nje. Gonga kwa nyundo ndogo sehemu za chini, sauti itakuambia. Coaster huanza kuoza kwenye ngazi ya mlango na juu ya matairi ya nyuma. Dawa ni moja kwa zote: kurudi kutoka ufukweni, osha chini ya gari kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku hiyohiyo, na kila mwaka pulizia chini oili nzito au rangi ya lami.

Mafuta na karatasi

Kwa makadirio, Coaster hutumia lita 12 hadi 15 kwa kilomita 100. Basi kubwa na Prevost lita 30 hadi 40. Safari ya Mtwara hadi Dar es Salaam na kurudi ni tofauti ya lita 200 na zaidi.

Gari linalozidi tani 3.5 hupita mizani. Sheria ya uzito ya Afrika Mashariki huruhusu tani 8 kwa ekseli ya mbele na 10 kwa ekseli moja yenye tairi pacha. Basi la abiria lina nafasi nzuri hapa, maana abiria 55 wa kilo 70 wanakaribia tani 4, na ukiwaondoa unabaki na uzito wa kutosha kwa fanicha na maji. Prevost lililojazwa marumaru mbele linaweza kuukaribia mpaka wa tani 8 likiwa halijapakiwa kitu, na urefu wa mita 13.7 uulizie TANROADS kabla ya kulipa senti. Kugeuza basi la abiria kuwa la kuishi kunataka ukaguzi wa polisi na marekebisho ya kadi TRA. Bima nayo iandikwe matumizi mapya, vinginevyo siku ya ajali utabishana peke yako.

Uchukue lipi?

Familia ya Mtwara au Lindi inayotoka wikiendi na likizo, inayotaka Msimbati, Tendaguru na Masasi, itakaa vizuri na Coaster ya 1HZ. Wawe wawili au wanne, wakubali kuishi kwa vitu vichache. Mtu mrefu apime kimo cha ndani kwanza.

Mwenye biashara ya wageni, anayebaki kwenye lami kati ya Kilwa Masoko, Lindi na Mikindani, basi kubwa lililostaafu linampa choo kamili, kiyoyozi cha usiku kucha na vitanda sita. Ajiandae kwa dereva wa kuajiriwa na kwa gharama ya tairi, maana ni sita na ni kubwa.

Mkandarasi anayekaa miezi kwenye eneo moja la mradi, basi kubwa tena, hata lenye injini dhaifu, kwa kuwa atalitembeza mara chache. Pesa aiweke kwenye sola na maji.

Mwenye uwezo mkubwa anayetaka anasa ya kweli, mwenye uwanja wa kuegesha, dereva wake na njia ya kuagiza spea, Prevost la kabla ya 2007 ni gari la kuheshimika, limejengwa kudumu, na ukimya wake barabarani Coaster haiwezi kuufikia. Litumike kwa safari ndefu za lami: Dodoma, Arusha, Mbeya. Bajeti ya mwaka wa kwanza ya matengenezo iwekwe pembeni kabla ya kununua.

Mstaafu wa peke yake au mke na mume, swali ni mikono ya nani itashika spana. Kama ni yako, Coaster. Kama una fundi wa mabasi unayemwamini na afya ya kuendesha gari la mita 12, basi kubwa litakupa nafasi ya wajukuu.

Asiyejua kabisa aanze kwa kukodi Coaster ya abiria, atoe viti vya nyuma kwa makubaliano na mwenyewe, atandike magodoro, aende Kilwa Masoko alale siku mbili tatu. Atajua anahitaji maji kiasi gani, joto analivumilia vipi, na kama kweli anataka choo ndani. Akirudi na majibu hayo, awachukue fundi wa injini na fundi wa bodi kwenye safari moja ya kukagua gari, awalipe wote wawili kabla hajamlipa muuzaji.